Kiganja Kisichokauka

Ukuta wa kaskazini wa jimu ya Chuo cha Tarrant haujapakwa rangi upya tangu babu yangu akiwa kijana, na anayetaka kujua sababu ainue macho tu. Viganja vyeupe vimetapakaa kuanzia usawa wa pete ya mpira wa kikapu kwenda juu, vya kila kijana aliyewahi kuvaa jezi yetu. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwezi wa Oktoba, wageni wa mwaka wa kwanza huchovya mkono kwenye ndoo ya rangi, wakakimbia, wakaruka, wakaupiga ukuta. Pale mkono ulipofika ndipo kipimo chako kilipo, na hakuna kurudia.

Kumi na tisa kati ya viganja hivyo vimezungushiwa duara la buluu. Hao ndio waliosomwa majina kwenye uteuzi wa ligi kuu ya kulipwa, na wametoka kwenye chuo ambacho mahafali yake yanaenea ndani ya kanisa moja. Vyuo vikubwa vinatuonea kijicho. Waandishi wa habari hupanda milima yetu ya Kentucky kila msimu kuulizia siri, na Kocha Stidham huwaambia siri ni nidhamu na maharage. Nao huandika hivyo hivyo, wakala maharage, wakarudi kwao.

Siri yenyewe mjini kila mtu anaijua. Rangi ile hukauka kwa saa moja, lakini kuna viganja havikauki. Kocha huuacha ukuta mpaka kesho yake asubuhi, kisha hupanda ngazi na kugusa kila kiganja kwa kidole kimoja. Kidole kikirudi cheupe, basi, kijana huyo ataitwa. Pengine mwakani, pengine baada ya miaka minne, na siku jina lake litakaposomwa kiganja kitakauka papo hapo. Hakijawahi kudanganya. Wale wa viganja vikavu nao hufunzwa, hulishwa, huhitimu wakawa walimu na mawakala wa bima, ila Kocha hawapotezei sauti yake.

Mwanangu Jarvis alipoupiga ukuta, kesho yake Kocha alikuja mwenyewe saluni kwangu, kofia mkononi, wakati nimempaka mtu dawa kichwani. Alininyooshea kidole, nacho kilikuwa cheupe mpaka kwenye kifundo. Wanawake wote waliokuwa mle ndani walipiga makofi, na mimi nikacheka na kulia kwa pamoja, hadi yule wa dawa akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuwaka moto. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa mjane mwenye viti vitatu vya saluni na mtoto mmoja, na dunia ilikuwa imemwona mtoto wangu.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Dwight. Jina lake ni Lurleen Combs, lakini tangu mwanawe Dwight aitwe na timu ya huko magharibi hakuna anayemwita jingine. Kila Alhamisi huja kuoshwa na kusokotwa nywele, na kila Alhamisi husengenya bila kuchoka. Mwaka wa tatu wa Jarvis, mara tu baada ya Krismasi, alikuja akaketi, akainamisha kichwa kwenye beseni, akanyamaza. Nikajua kuna jambo.

"Dwight alikuja?" nikamuuliza.

"Alikuja."

"Si ndiyo raha yenyewe, shoga. Mbona umenuna kama umeibiwa kuku?"

"Aliniuliza choo kiko wapi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Maji yalikuwa yanamtiririka masikioni na hakuyapangusa.

"Odessa, ile nyumba kazaliwa humo. Kaniuliza choo kiko wapi kwa adabu, kama mtu wa kuja kusoma mita. Akasifu chakula. Akaomba ruhusa kufungua friji. Asubuhi nimekuta shuka kazikunja pembeni ya kitanda, kama anavyofanya mgeni."

"Pesa hizo. Zimemlevya."

"Ulevi wa pesa naujua, ndugu zangu wanao. Mlevi wa pesa ana kiburi. Huyu hana kiburi. Hana chochote. Nilikuwa namtazama machoni, naona tabasamu limekaa pale peke yake, hakuna mtu nyuma yake."

Nilimkausha nywele. Nikaanza kuwakumbuka mmoja mmoja. Walikuwa wakirudi kwenye sherehe za chuo hao wa duara la buluu, warefu, wananukia, wanashika mikono ya watu wote kwa upole uleule. Hata siku moja sikumsikia mmoja wao akimwita mtu kwa jina la utani. Sikumwona mmoja akimkumbatia mtu kabla hajakumbatiwa. Mji mzima uliwasifu kwa adabu yao. Nani atamlalamikia milionea mwenye adabu?

Jioni ile nikaanza kumchunguza mwanangu kama polisi.

Alikuwa amekwisha kutangaza kwamba mwezi wa Juni ataingia kwenye uteuzi. Alikuja kula kwangu Jumapili, na alikula vizuri. Nikamwita Kibonge, jina alilokuwa nalo tangu akiwa mnene wa mashavu, na hakugeuka. Nikaliita tena. Akatazama nyuma yake, kuona nani anaitwa. Nikatoa picha ya marehemu mume wangu, Lucius, aliyefia relini Jarvis akiwa na miaka tisa, mtoto aliyelala na koti la baba yake mwaka mzima. Aliishika picha kwa vidole viwili, kwa uangalifu. Akasema, "Anaonekana alikuwa mtu mzuri."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Sikulala nikitafuta adui, na adui niliyempata ni ukuta. Niliwaza hivi: kiganja kikikauka kabla ya uteuzi, hataitwa, na asipoitwa atabaki wangu. Na kukausha ndiyo kazi yangu. Kwa hiyo siku moja mwezi wa Mei, saa za chakula cha mchana, wakati vijana wako bwaloni, niliingia jimu na draya yangu ya mkono na waya mrefu wa umeme, nikaburuta ngazi ya Kocha hadi ukutani, nikapanda. Nina mwili, na ngazi ililia kila nilipoweka mguu.

Huko juu kulikuwa na harufu ya rangi mbichi, ya leo, ingawa kiganja kile kilikuwa na umri wa karibu miaka mitatu. Kilimeta. Vidole vitano virefu, mistari yote ya mkono ikionekana. Niliweka kidole kabla ya kuwasha mashine, na nikakirudisha haraka. Rangi ilikuwa na joto. Si joto la ukuta wenye jua upande wa pili, maana upande wa pili ni kaskazini. Lilikuwa joto la paji la uso la mtoto ninapomwamsha shule.

Nikawasha draya. Niliisogeza karibu hadi plastiki ikaanza kunuka. Hakikukauka. Kilizidi kulowa, kikaanza kutiririka, tone moja likafuata ukuta polepole likaja mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu nilioshikia ngazi, likazunguka pale.

"Mama Jarvis," sauti ikasema chini, "shuka, utavunja nyonga."

Alikuwa Kocha Stidham, na leso ya chakula bado iko shingoni.

"Nitashuka kikishakauka."

"Hakikauki. Mama Dwight alikuja na taulo na hita ya umeme kabla Dwight hajaitwa, na hajamwambia mtu. Mama yake Pickett, mwingine wa duara la buluu, alikuja na patasi. Tazama kushoto kwako, juu kidogo."

Nikatazama. Ukuta ulikuwa umechimbwa shimo la kutosha kuficha bakuli. Na ndani kabisa ya shimo, kwenye matofali matupu, kiganja kilikuwa palepale, cheupe, kamili, duara lake la buluu likipita ukingoni.

Nikashuka.

"Mmewafanya nini watoto wetu?" nikamwambia.

"Mimi nafundisha mpira, mama."

"Usinichezee. Unajua wanarudi vipi."

"Najua." Aliivua ile leso, akaikunja. "Kila mwaka najiambia nitaacha kugusa. Halafu Oktoba inafika. Lakini ukuta hauwachukulii kitu. Ukuta unaonyesha tu nani yuko tayari."

"Tayari kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko mlangoni."

Jarvis alikuwa amesimama na mpira chini ya kwapa. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Kocha alipita pembeni yake bila kumtazama, akaufunga mlango, na tukabaki wawili kwenye ule uwanja mkubwa mtupu. Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumbeba. Nikakaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, naye akaja akakaa kando yangu, magoti yake yakinizidi kimo kama alivyonizidi tangu darasa la nane.

"Mama, unaninukia nywele zilizoungua," akasema.

"Ni draya. Usibadilishe habari."

Alizungusha mpira mapajani.

"Nililigundua jambo hili mwaka wa kwanza," akasema. "Nilikuwa natupa mipira peke yangu asubuhi. Kuna siku mkono unakuwa mzito, si unajua, hauendi. Halafu nikasikia kama kitu kimechomoka, kama jino la utoto linavyotoka, halina uchungu. Na mkono ukawa mwepesi. Sikukosa tena asubuhi ile yote. Nikatoka nje nikapita kile kijito cha nyuma ya nyumba tulikokuwa tukiogelea, nikaona ni maji tu."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Nilijua kimekwenda. Nilijua kabisa, mama. Na kesho yake nikarudi jimu."

Jua la saa saba lilikuwa limejaa madirishani.

"Mtu hachukuliwi," akaendelea. "Unaulizwa. Si kwa maneno. Unashika mpira, kitu kinakaa hapa kifuani kinasema, hiki je? Unaweza kukataa. Wenzangu wale wa viganja vikavu wote walikataa, hata hawajui kama waliulizwa. Mimi nilikubali. Harufu ya jikoni kwako. Jina lile uliloniita siku ile, sikumbuki lilikuwa lipi. Mzee."

"Mzee ni baba yako."

"Najua ni baba yangu. Nimeambiwa." Akauzungusha mpira tena. "Sauti yake ndiyo iliyonipa ule mtupo wa kuruka nikirudi nyuma. Ule ambao maskauti wote wa timu wanauandika."

Nikalia, na sikutafuta bomba la kufungua. Mwanangu alinipa taulo lake la mazoezi na kunisubiri, mtulivu, na huo utulivu ndio ulionitisha kuliko ukuta na joto lake.

"Bado nini?" nikamuuliza nilipoweza.

"Bado wewe."

"Mimi."

"Nimekuweka wa mwisho makusudi. Kila asubuhi naulizwa, na kila asubuhi nasema bado. Nadhani ndiyo maana sijakuwa mzuri kama Dwight." Akageuka kunitazama, na haki ya Mungu alikuwa yeye, alikuwa yeye mzima machoni, mwanangu. "Mama, ukiniambia niache, nitaacha. Leo hii. Nitamwambia Kocha aondoe jina langu. Sitakuwa na kinyongo."

"Na vilivyokwenda vitarudi?"

"Sidhani."

"Kwa hiyo ukiacha..."

"Nitakuwa mtu aliyetoa vyote hivyo bure. Lakini nitakuwa na wewe."

Mtu asinihukumu kabla hajakaa kwenye benchi lile. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, neno moja tu, acha. Lakini kabla sijalitoa alisimama, labda kwa kuwa hakutaka kuniangalia nikiwaza, akaudunda mpira mara kadhaa na kuanza kutupa. Sijawahi kuipenda michezo. Nilikuwa nikienda uwanjani kuangalia vichwa vya watu. Siku ile ndipo nilipomwona mwanangu. Alikuwa akiruka na kukaa hewani muda usio wa haki, mpira ukitoka kwenye vidole kama haujawahi kuwa wake, ukizama bila kugusa chuma, tena na tena. Na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mimi sikumpa, wala baba yake, wala kijito. Alikuwa ameshatoa utoto wake wote kununua ile furaha, na mimi nilikuwa nashika senti ya mwisho.

Mtoto akililia wembe, mpe. Wanaosema hivyo mtoto si wao. Nilimwangalia mpaka alipochoka, halafu nikasema, "Nenda, baba. Nenda, tusije tukabaki wote wawili maskini."

Alikuja akalaza kichwa chake mapajani mwangu, mtu wa futi sita na inchi nane kwenye benchi la watu wa kawaida, na tukakaa hivyo mpaka wenzake walipoanza kurudi kutoka bwaloni.

Siku zilizobaki nilimpikia. Nilimweleza habari zote alizokuwa amezitoa, nikijua ni kumwaga maji kwenye mchanga. Alisikiliza vizuri. Wakati mwingine alicheka mahali panapostahili.

Kwa desturi yetu kijana wa Tarrant haendi New York, yanakosomewa majina, siku ya uteuzi. Wengine huko hukaa mezani na mawakala wao. Wetu huketi jimu mbele ya ukuta, na mji wote pamoja naye, na kuku wa kukaanga, na sufuria za maharage na mkate wa mahindi kwenye meza za kukunja. Asubuhi ya siku hiyo Jarvis alikuja saluni nimnyoe. Nilifunga mlango, nikageuza kibao cha mlangoni. Nilimnyoa polepole kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu, nikamzungushia wembe nyuma ya masikio, mahali ambapo ana kovu dogo la kuanguka ngazini. Hakujua tena limetoka wapi. Mimi najua.

"Jina likisomwa," akaniambia kwenye kioo, "nitapita kushika mikono ya watu. Nikikufikia usinilazimishe kukumbuka, mama. Kamera zitakuwepo. Nitaona aibu, na sitajua naona aibu ya nini."

"Sitakulazimisha."

"Na usije ukakaa nyuma. Kaa mbele. Nataka nipite kwako."

Nilimpangusa shingo kwa brashi na kumwambia amekuwa mzuri.

Jioni jimu ilijaa hadi watu wakaketi kwenye ngazi. Mama Dwight alikaa upande wangu akanishika mkono. Majina yalisomwa kwenye skrini kubwa, moja baada ya jingine, ya vijana wa vyuo vikubwa. Jarvis alikuwa mstari wa kwanza upande wa pili, amevaa suti ya buluu. Aligeuka mara moja, akanitafuta, akaniona. Akanikonyeza, kama alivyokuwa akifanya kanisani mahubiri yakizidi. Nikamkonyeza.

Ndipo likasomwa. Jarvis Pruitt, Chuo cha Tarrant.

Watu waliruka, viti vikaanguka, bendi ikaanza kupiga. Mimi sikuangalia skrini wala mwanangu. Niliangalia juu ukutani, na nikaona mng'ao ukiondoka kwenye kile kiganja, kuanzia ncha za vidole kuja chini, mpaka kikawa cheupe kikavu cha chokaa. Mama Dwight naye alikuwa akiangalia. Alinibana mkono mpaka pete yake ikaniumiza.

Akaja akipita mstari kwa mstari, kamera zikirudi kinyumenyume mbele yake. Alimshika mkono mchungaji. Alimshika mkono Kocha, ambaye alikuwa analia. Alimshika mkono Mama Dwight, akamwambia amefurahi kumwona. Kisha akanifikia mimi, akainama kidogo kwa kuwa mimi ni mfupi, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri. Nilitazama nyuma yake kutafuta, nikatafuta kwa haraka, kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba aliyoishi.

Akanipa mkono. Ulikuwa mwepesi sana.

Mtu wa kamera alisogea, na niliona wasiwasi unaanza kuingia kwenye paji la uso la mwanangu, kama anayejisemea, huyu mama wa mbele ameshika mkono wangu na haachii, na analia, na labda kuna kitu ninapaswa kusema. Nilikuwa nimeahidi. Nikamwachia mkono, nikavua skafu yangu shingoni, nikachukua kalamu ya mwandishi aliyesimama karibu, na nikamwomba aniwekee sahihi, kama mashabiki wanavyoomba.

Wasiwasi ukamtoka. Hilo alilijua.

"Niandike kwa nani?" akauliza, skafu imetandazwa kwenye kiganja chake.

"Odessa," nikasema, na nikamtajia herufi moja moja, kwa sababu watu wengi hulikosea.